Mashine Ilikuwa Inapima Ndizi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinizungushe. Nilimpoteza baba mkwe wangu Jumapili tarehe nane Juni, na hajafa. Yuko Nyansiongo kwa binti yake Jemimah, amekataa kurudi kwetu Sironga, na mwenye makosa ni mimi, ila anayelijua hilo ni mimi na nesi mmoja tu.

Mimi ni mtu wa kujitafutia. Nilianza kwa kuuza mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, pale Masimba, leo nina kinu changu cha kusaga, na hakuna mteja aliyewahi kulalamikia mizani yangu kwa sababu kila asubuhi kabla sijafungua naijaribu kwa jiwe la kilo mbili. Kwa hivyo mzee Manasseh alipoambiwa ana kisukari, mume wangu Nyakundi alisema, "Nambari ni zako, mama, shika hiyo kazi," nami nikanunua mashine, nikanunua na daftari, na kila siku saa moja asubuhi namwekea mashine mezani anajidunga kidole mwenyewe, maana kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe hata mkono, ndiyo heshima tunayoiita chinsoni, mimi nasimama mlangoni, ananisomea nambari, naandika.

Nambari zikaanza kunitukana, na asubuhi hazitakiwi kupita saba. 16.2. 17.8. Siku moja 19.4, na mzee hajaonja hata chai. Nikimuuliza, "Tata, jana ulikula nini?" anajibu, "Ugali na mboga ulizopika wewe." Nikasema moyoni, huyu mzee ananichezea, nambari haidanganyi.

Sabato ya mwisho wa Mei nilitangulia kutoka kanisani, nikafanya jambo ambalo mke wa mwana hafanyi, niliingia chumbani mwake nikainua godoro, nikakuta pakiti ya peremende za glukosi, na wakati wa chakula, mbele ya mzee wa kanisa Mokua na mke wake, nikaiweka kando ya sahani ya baba mkwe.

"Tata, hizi nazo ni mboga gani?"

"Hizo nilipewa kliniki."

"Kliniki ya kisukari inagawa peremende? Basi hata mimi nitaugua, nipewe zangu."

Watu walicheka kidogo halafu wakaacha. Mzee aliniambia neno moja tu, "Mke wa Nyakundi, umeingia chumbani mwangu," akasukuma sahani.

Kumbe kutoka siku hiyo alikuwa anaruka chakula cha jioni ili nambari yangu ishuke, na vidonge anameza kama kawaida, na peremende nimezifungia kabatini mwangu. Ijumaa asubuhi akaanguka kwenye migomba, jasho linamtoka, anaongea kama mlevi. Hospitali wakampima, 2.3. Nesi akaniuliza, "Zile peremende tulizompa za sukari ikishuka, ziko wapi?" Nikamwambia ziko kabatini mwangu, nimezifungia.

Halafu akaniuliza mzee hufanya nini kabla ya kupimwa. Nikamwambia huwamenyea wajukuu ndizi mbivu waende nazo shule, kisha maganda anampa ndama. Nesi akachukua ndizi mbivu ya mgonjwa wa kitanda cha pili, akanipa niimenye, akanidunga. 14.7. Akanipeleka kwenye bomba nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, akanidunga tena. 5.2.

"Mashine yako ni nzima, mama," akasema. "Ilikuwa inapima ndizi. Hukuwahi kumwambia anawe?"

Sikuwahi. Baba mkwe utamwambiaje mikono yake ni michafu?

Mzee alipotoka hospitali alimwambia Jemimah, "Nipeleke kwako." Nyakundi mpaka leo anasema, "Baba alituficha peremende, ona sasa," na mimi nanyamaza. Jumapili hii familia inakaa kikao juu ya mzee. Nimewaza ninunue mashine mpya, niseme ile ya kwanza ilikuwa mbovu, jina la mzee lisafishwe na mimi nipone. Ni sawa au si sawa? Nataka jibu moja kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Methali sitaki.

Phanice, Sironga

*

Phanice, si sawa. Hilo ndilo jibu lako, na saa sita haijafika. Sasa kaa nikuambie mengine.

Kwanza pole. Uliamka kila siku na daftari kwa ajili ya mzee, na kuna wana wa kuzaliwa ambao hawajui hata jina la dawa ya baba yao. Lakini mama, mizani ya unga unaijaribu kila asubuhi, na hii inayopima damu ya mtu hukuijaribu hata siku moja? Nayo ina jiwe lake. Ni kichupa cha maji maalumu, ulizia duka la dawa, unadondosha tone mahali pa damu na nambari inapaswa kuangukia ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe wa vijikaratasi vya kupimia. Mkebe wenyewe ufungwe vizuri, na tarehe yake isiwe imepita. Siku mzee anapotolewa damu kliniki, beba mashine, apimwe nayo palepale, mlinganishe. Zikitofautiana kidogo ni kawaida, zikiachana sana uliza. Na asiwepo mtu wa kupunguza chakula wala kugusa dawa kwa sababu ya daftari lako, bila kliniki kusema.

Kuhusu kunawa, unasema chinsoni ilikufunga mdomo. Chinsoni hiyo ilikuwa wapi ulipoinua godoro? Na kila siku kabla ya ugali si unamwekea beseni na maji ya moto, na hajawahi kuona umemtukana? Lete beseni hilohilo kabla ya mashine, pamoja na sabuni na taulo kavu. Huhitaji kusema lolote.

Mashine mpya acha dukani. Ulimsingizia mzee, sasa unataka kuisingizia mashine. Wa tatu atakuwa nani, nesi?

Usingoje Jumapili. Mwambie Nyakundi leo, yote, na godoro likiwemo. Kesho mwende Nyansiongo, ubebe zile peremende. Simama mlangoni kama ulivyokuwa ukisimama na daftari, useme, "Tata, ulisema kweli, mimi nikakufanya mwongo. Na chumbani mwako niliingia." Neno mashine lisitoke kinywani mwako. Jumapili uwaite Mokua na mke wake, urudie mbele yao, kwa sababu aibu mliila pale mezani pamoja nao. Anaweza kukataa kurudi hata baada ya hayo. Hiyo ni haki yake, utaivumilia.

Ulinipa saa, nami nakupa yako. Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, nataka ujumbe wako. Usinieleze safari wala ulivyolia. Umemwambia, au hujamwambia?