Shemeji, Ulikataa Niseme Nilianguka Nyumbani

Shemeji yangu, Baba Quinter,

Huku mtaani kwetu Lindi, Nairobi, mvua imeanza, na paa la dada yangu linavuja palepale ulipopaziba mwaka juzi. Jana nilichukua ngazi nikapanda kulitazama. Dada akanipigia kelele nishuke haraka kabla hujaanza kunicheka huko uliko. Nikashuka. Mtu aliyeanguka mara moja haambiwi mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu watu wananiuliza. Kibanda changu kule Gatina, Kawangware, kiko njiani, na watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, hupita asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi. Wanaona ninavyochechemea, wanasikia kwamba nililipwa fidia, basi wanadhani nilikuwa na wakili mkali. Nawaambia sikuwa na wakili, nilikuwa na shemeji. Wengine hufikiri natania. Basi huwasimulia, na leo nakusimulia wewe pia, ingawa ulikuwepo, maana sikuwahi kukuambia mambo yale yalivyoonekana kwa mtu aliyekuwa amelala chini.

Unakumbuka ulivyonipokea nilipotoka nyumbani kule ziwani? Ulininunulia chapati na maharagwe, ukanisifu kwa dada kwamba nimekuwa mwanamume. Siku mbili nilikula kama bwana harusi. Ya tatu ukaniamsha kabla ya jogoo: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hapa Nairobi hatuna jembe, omera, ndugu yangu. Shika karai." Ulikuwa nyapara wa jengo la kupangisha lililokuwa likipanda pale Gatina. Kila asubuhi ulisimama getini ukiita watu majina, na ulinipa mchanga mwingi kuliko wenzangu ili wasiseme unapendelea ndugu ya mke wako. Nilikulaani kimoyomoyo kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka juu.

Mjengo una desturi yake, na wewe uliijua kuliko mimi. Pale hakuna anayekuuliza una karatasi gani. Unaulizwa, "Nani amekuleta?" Kila mtu ameletwa na mkono wa mtu wake, binamu, jirani wa nyumbani, mtu wa kanisani. Kwa hiyo mtu akianguka, haanguki peke yake, anaanguka na aliyemleta. Ndiyo sababu wanaoumia wakifika hospitali husema wameteleza nyumbani. Ukisikiliza hadithi zao, utadhani mafundi wote wa Kawangware huoga na mafuta ya kupikia.

Siku ile tulikuwa tunapiga plasta ukuta wa nje, ghorofa ya tatu. Mbao za jukwaa zilikuwa kuukuu. Nilikusikia ukimwambia Kontrakta, bosi wetu, naye akasema zimalize ukuta huo kwanza. Ukanigeukia: "Panda polepole. Hizo mbao sizipendi." Nikapanda na karai begani. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka ubao ulivyolia, kisha nakumbuka kokoto mgongoni na mguu wangu wa kulia ukiwa umetazama upande ambao mguu hautazami. Ulikuwa umeshanishika kichwa. "Usilale. Ongea na mimi. Nitukane hata!" Basi nikakutukana, shemeji, matusi yote niliyokuwa nimekuwekea tangu siku ya karai. Ulikuwa unalia na unacheka pamoja.

Kwenye pikapu Kontrakta alikupigia simu. Alikuwa na sauti ya kipaza sauti, kwa hiyo nilisikia kila neno. Hospitali atalipa, lakini kijana aseme ameanguka kwake. Hakuhitaji kuniambia. Nilikuwa nimeshaamua mwenyewe, maana nilimfikiria Quinter na mdogo wake, na kodi yenu, na dada yangu. Daktari alipouliza nimeumia wapi, nikamjibu upesi, "Nyumbani, daktari. Niliteleza kwa ngazi." Akatazama saruji kwenye nywele zangu, akainamia karatasi yake aandike.

Hapo ndipo uliposema. "Daktari, usiandike hiyo. Huyu ameanguka mjengo. Mimi ndiye nyapara wake, na mimi ndiye nilimwambia apande."

Nilikufinya mkono. "Shem, watakufuta kazi."

"Nyamaza utibiwe. Mficha uchi hazai."

Ulisema kama mtu anayeagiza chai. Sikuelewa wakati ule umetoa nini. Nilikuwa na maumivu, na kusema kweli nilikuona mjinga.

Wiki hiyo hiyo niliporudi chumbani kwangu Lindi na mguu wa plasta, Kontrakta alikuja kunitembelea. Alileta unga, sukari na mafuta, akaketi kwenye kitanda changu, akaomba sala ndefu kuliko ya mchungaji wetu. Mama, aliyekuwa amesafiri kuja kuniuguza, alimshika mikono yote miwili akamshukuru mpaka machozi. "Tumalize hii maneno kama familia," Kontrakta akasema. Mama akaitikia amina. Sisi ndivyo tulivyo, mtu akikuletea unga wakati wa shida, unaona aibu kumdai chochote tena. Ulikuwa umeingia ukasimama mlangoni. Ulingoja aondoke, ukaketi, ukamwambia mama kwa heshima zote, "Mama, kwa unga tumshukuru, na mimi pia nitakula ugali wake. Lakini mguu wa mtoto wako si wa kulipwa na unga. Sheria iko."

Ulikuwa umeenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, saa ya chakula, bila kumwambia mtu. Ulitueleza ulivyoelezwa na mama mmoja wa pale, na ulivyochanganya mambo ilibidi urudi tena kumuuliza. Lakini yaliyobaki kichwani mwangu ndiyo ninayowaambia watu leo. Kwamba kibarua ni mfanyakazi, hata kama hana barua ya kuajiriwa. Kwamba sikuhitaji kuthibitisha kosa la Kontrakta, mradi niliumia nikiwa kazini kwake, na matibabu ni juu yake, si hisani. Kwamba mwajiri lazima aambiwe mara moja, naye lazima apeleke taarifa kwa ofisi ya usalama kazini, na kwamba nisipopeleka madai kabla ya mwaka kuisha naweza kuyapoteza. Hatukutakiwa kukimbilia kortini. Tuanze na ofisi hiyo, daktari apime mguu umepungua kiasi gani, na nisiporidhika naweza kupinga kwao, kisha niende mahakama ya kazi. Mama alikusikiliza akiwa amejishika shavu. Mwishoni akauliza kama Kontrakta atakasirika. "Atakasirika sana," ukamjibu, ukaomba chai.

Na wale mawakala wa mawakili pale geti la hospitali, unawakumbuka? Yule wa suti ya kijani aliyetaka niweke sahihi kwanza ndipo anieleze ni ya nini? Ulimuuliza kama hata mke wake alimuoa hivyo. Nilicheka mpaka mguu ukauma. Siku hizi nikiona mtu yuko karibu kuweka sahihi asiyoielewa, humwambia asome, au asomewe na mtu anayemwamini, na kama anataka wakili amwendee mwenyewe ofisini kwake.

Tulipeleka madai, na siku tuliyoitwa ofisini, Kontrakta alivaa vizuri. Akamwambia afisa kwamba hanijui, kwamba vibarua hupita pale kama upepo, leo huyu kesho yule. Hakuonekana mtu mbaya akisema hivyo. Alionekana mtu aliyechoka. Nami nilikuwa na magongo yangu na sina la kuonyesha. Hapo ukasimama bila kuitwa. "Madam, mimi ndiye humwita huyu jina kila asubuhi. Jina lake nalijua. Ubao uliovunjika naujua. Nilimwambia bosi hizi mbao zimezeeka."

Afisa akakuuliza kama bado unafanya kazi pale.

"Nilikuwa nafanya, madam. Mpaka dakika hii."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Wewe hukucheka, na Kontrakta hakucheka.

Ilichukua muda mrefu, kwa sababu walipinga, wakachelewesha, wakapotea na kurudi. Lakini bima yake ililipa mwishowe. Nilipasuliwa tena, mguu ukanyooka kiasi ulivyo sasa, na kilichobaki nikafungulia kibanda cha kukodisha toroli na makarai. Nawe ulilipa kwa upande wako. Habari zilitembea Gatina yote kwamba kuna nyapara anayepeleka bosi leba, na hakuna geti lililokufungukia tena. Mlihama vile vyumba vyenu viwili vya Kawangware mkaja kwenye chumba kimoja huku Lindi, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mtu aliyekuwa akisimamia ghorofa nzima akawa anavuka kwenda maghorofa ya Nyayo Highrise kuziba mabomba na kubadilisha vigae vya bafu za watu. Dada yangu alinikasirikia. Alinipa chai kila nilipokuja, lakini aliniwekea kikombe mezani bila kunitazama, na wewe ulijifanya huoni, ukaniuliza habari za mpira.

Kila nilipotaka kukushukuru ulikuwa na jibu. Mara shukrani ya shemeji ni jogoo, na awe na mkia. Mara, "Ongea hayo ukinizika." Nilipokuja kukuzika kule ziwani, wakwe walipewa kipaza sauti kwa muda mfupi, watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Nikasema ulikuwa mcheshi na ulipenda kichwa cha samaki. Watu wakapiga makofi, nikarudi kuketi. Niliumia kwa hilo kuliko nilivyoumia kwa kokoto.

Ule ugonjwa wa kifua ulikuchukua upesi mno, shemeji. Sikutegemea. Hata sasa nikisikia mtu akipiga kelele za utani getini kwa mjengo hugeuka.

Siku hizi dada anakaa nami kibandani. Anaandika toroli zinazotoka, mimi narekebisha zilizovunjika, na ada ya Quinter inatoka pale pale. Juzi tulikuwa tunachambua mboga ya sukuma, akaniuliza ghafla, bila kuinua macho, "Ungekuwa wewe ndiye nyapara, na yeye ndiye ameanguka, ungesema?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikashindwa. "Ningenyamaza, dada. Na watoto wawili, na kodi? Ningenyamaza."

Nilingoja anikasirikie upya. Akaendelea kukata majani ya sukuma. Kisha akasema, "Hata mimi nilimwambia anyamaze. Asubuhi ile mnaenda ofisini, nilimshika shati. Nikamwambia, ukiongea leo, usirudi hapa. Akaniambia chakula cha jioni nimwekee." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilimkasirikia mwaka mzima. Sasa namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza."

Kwa hiyo pokea shukrani hii, na ni ya watu wawili. Nakushukuru kwa mguu, kwa kibanda, kwa mama aliyejifunza kupokea unga bila kuuza haki ya mtoto wake. Nakushukuru na kwa niaba ya wale ambao leo wanakwenda ofisi ile kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu wamesikia habari zako. Lakini zaidi ya yote nakushukuru kwa ajili ya dada na mimi. Sisi wawili ndio tuliokusihi unyamaze, mmoja alikufinya mkono, mwingine alikushika shati. Na sisi wawili ndio tunaokula kila siku kwa sababu ulisema.

Lala vizuri, shemeji. Ziwa likutunze.

Ndugu ya mke wako,
Ouma