Kilo Makumi Tano

Kasongo, 20 Julai 2024

Papa mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mama hajambo. Wewe, kifua kimepona? Mgongo wangu bado, tangu pikipiki iliponiangusha mwaka jana. Mganga wa viungo amenionyesha mazoezi ya Pilates ya kufanya nyumbani: unalala chini, unavuta pole pole, unapumua. Naomba uninunulie huko vitu vitatu, na usibadilishe: mkeka mnene wa sponji, mpira laini wenye ukubwa wa papai, na elastiki nyepesi, ile inayovutika kwa vidole viwili. Masomo yanaanza tarehe 2 Septemba. Nisipoweza kusimama kufundisha, direkta wa shule atampa mwingine darasa langu.

Binti yako,
Chimène

Salamabila, 8 Agosti 2024

Mutoto wangu Chimène,

Jambo sana. Huku afya iko, kazi ya dhahabu iko. Elastiki niliiona, nikaiweka kwenye mizani yangu. Asani, muuzaji, akacheka: "Mzee Marcellin, unamtumia binti yako uzi wa kaputula?" Sisi huku kitu cha maana tunakijua kwa uzito. Basi nimekutumia mashine ya mazoezi, ya chuma, ya springi, kilo makumi tano! Pikipiki ilibeba hiyo peke yake. Weka sebuleni, watu waone. Mama akupige picha juu yake.

Papa yako

Kasongo, 19 Agosti 2024

Papa,

Salamu. Hukuuliza afya yangu, kwa hiyo nitakuambia. Mashine ilifika, mtaa mzima ukaja kushangaa. Mama akanisihi nipande kidogo tu, kwa picha, usije ukaudhika. Springi ikanivuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kitu kikalia mgongoni. Siku nne nimelala, Mama ananigeuza. Niliandika "nyepesi". Ulisoma? Mimi si dhahabu, Papa!

Binti yako,
Chimène

Salamabila, 25 Agosti 2024

Chimène,

Jambo. Pole ya mugongo. Lakini mutoto haandikii muzazi hivi. Mashine haina kosa, kila mutu huku ananisifu kwa ajili yake. Ni wewe huna nguvu: masomo mengi, nyama kidogo. Kula, kisha rudia. Na usiitoe sebuleni.

Papa yako

Kasongo, 9 Septemba 2024

Papa,

Natumaini u mzima. Habari zangu ni hizi: darasa limepewa mtu mwingine. Direkta alikuja mwenyewe, akanikuta sakafuni, akasema, "Mwalimu, tuonane Januari." Alisema kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Mashine haiko sebuleni. Hervé, fundi wa baiskeli, ameifungua; chuma chake sasa ni mlango wa banda la mbuzi. Akanikatia tepe za mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu. Nilijaribu tano, nikachagua uliolegea kuliko zote. Nalalia blanketi mbili. Mama ananishika miguu, anakosea kuhesabu, tunaanza upya. Leo nilisimama jikoni mpaka wali ukaiva.

Usinitumie kitu tena. Tangu ajali umetuma mabati, redio, na chuma hiki. Wewe mwenyewe hujafika hata siku moja. Njoo uuguse mgongo huu kwa mkono wako, uone ulivyo. Kama huwezi kuja, usijibu.

Bado ni binti yako,
Chimène