Kinanda cha Yotham na Mbuzi wa Sadaka

Lulu, acha kila kitu usome. Ibada imetoka sasa hivi.

Yule Yotham mpiga kinanda. Wiki nzima kamkalisha Anyesi, muimba sauti ya pili wa kwaya, aimbe "aaa", "eee", naye anairekodi na kuchezea vitufe mpaka kinanda kikatoa sauti kama yake. Alipomaliza akamwambia mbele ya kwaya nzima: "Dada, pumzika. Sauti ya pili sasa ninayo humu."

Humu! Na kinanda akakipigapiga kama ng'ombe wake.

Leo Anyesi kakaa nyuma mlangoni, karibu na mbuzi wa sadaka aliyefungwa akisubiri mnada. Wimbo ukapanda, bwana mkubwa akabonyeza "eee" yake. Mtetemo kaujaza mpaka pomoni, ikatoka "meeee"!

Mbuzi akaitikia.

Akabonyeza tena. Lulu, mbuzi akaitikia TENA! Mchungaji kajifunika uso kwa Biblia, mabega yanacheza.

Ibada kwisha, fundi huyo kwa Anyesi, mpole kama maji ya mtungi: "Dada yangu, Jumapili ijayo utarudi?"

Anyesi hata hakunyanyuka. Kamwonyesha mbuzi kwa kidevu: "Sauti yako ya pili hiyo hapo. Wahi mnadani, wasije wakakuchinjia."