Jirani Alificha Mtoto Mgonjwa, Nami Nikaandika Ni Mzima

Mama Annuarite mpendwa, nina furaha kubwa na kosa kubwa, na vyote viwili vimetoka kwenye kazi moja, nisaidie.

Mimi ni Bénie, mshonaji wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Baada ya mafuriko, watafiti wa afya wa Lilongwe waliomba fedha za haraka wakajibiwa ndani ya siku kumi, wakati sisi tumezoea watu wanaokuja kuuliza habari madimbwi yakiwa yameshakauka, na mimi nikachaguliwa kupita nyumba kwa nyumba kwa sababu najua Kiswahili chetu cha Bukavu na Kirundi kidogo, nikapewa kisibau na fomu, na siku ya kwanza nilitembea nikicheka peke yangu, kwamba hatimaye kuna mtu anauliza kuhusu maji yetu yakiwa bado miguuni.

Lakini watu wa bondeni, ambako vyoo vilifurika, waliponiona walidhani naandika majina ya watakaohamia nchi ya tatu, na unajua mgonjwa hurudishwa nyuma kwenye vipimo vya safari, basi wakajipaka mafuta, wakavaa nguo za kanisani, wakasema hawaumwi. Jana jirani yangu Furaha aliniuliza, “Dada Bénie, hii liste njo ya kuenda Canada?” Nikatabasamu tu, nikiogopa kwamba nikisema hapana atafunga mlango, na nyuma ya pazia nikasikia mtoto akitapika, naye akasema, “Batoto bote iko bazima, andika.” Nikaandika.

Kesho kiongozi wetu, Bwana Patient, anachagua mahali pa kupima maji, na kwa fomu zangu bondeni ndiko kwenye afya kuliko kote. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na sijawahi kupenda kazi kama ninavyoipenda hii. Nifanye nini?

JIBU (Alijibiwa kwa simu siku ileile; majina yote tumeyabadilisha.)

Bénie mdogo wangu, nilianza kukusoma nikasimama kwa furaha, nikafika kwenye pazia nikakaa. Hongera kwa kazi. Fedha za kufika matope yakiwa bado mabichi ni jambo la kushangilia, na ndiyo maana nakugombeza: wewe unazielekeza mahali pasipo na ugonjwa! Usijifariji eti hukusema uongo. Tabasamu lako lilisema yote.

Furaha simlaumu. Mimi mwenyewe nilimeza kikohozi mbele ya daktari wa safari, na bado niko hapa.

Mpigie Patient sasa hivi. Mwambie fomu za bondeni hazifai, na mweleze kwa nini. Hakuna mgeni wa City Centre kule Lilongwe angejua kwamba kwetu mtu huficha kuhara ili asikose safari. Habari hiyo umeileta wewe, na akiwa na akili atakurudisha bondeni ukaulize upya. Akikufukuza, utalia, kisha utashona.

Ukikata simu, vua kisibau, nenda kwa Furaha kama jirani. Mwambie waziwazi kwamba orodha ile haimpeleki mtu popote, na kwamba ulijua ukanyamaza. Atakutukana, na atakuwa na haki. Usibishane naye wala usiondoke. Simamisha kabaza, mwache dereva na baiskeli yake angoje, na ukae hapo mlangoni mpaka Furaha amtoe mtoto apelekwe zahanati.