Mtoto Tuliyempa Jina la Daktari

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya wateja. Kurasa za mwanzo ni viuno na mabega ya watu. Kuanzia hapa ni mambo yangu, na mteja atakayefungua akayasoma, shauri yake.

Leo mtaalamu wa mishipa ametuambia. Wodini walituambia mkono wa kushoto wa mwanangu umelala tu; haujalala. Mishipa ya begani ilivutwa wakati wa kuzaliwa, na mmoja huenda umekatika. Nikamwuliza ni nani aliyeivuta. Akavua miwani, akaifuta, akasema yeye hakuwepo.

Mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimelala chali, lakini nilikuwepo. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Daktari akashika kichwa akavuta. Mkunga akasema, kwa ile sauti yake ndogo, daktari tusivute, tumgeuze mama kwanza. Daktari akamwuliza ni nani daktari humu ndani. Akavuta tena.

Halafu — hapa natamani kujificha chini ya cherehani — tukampa mtoto jina la daktari. Mume wangu ndiye aliyetoa wazo, palepale kitandani, machozi ya furaha yanamtoka. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mimi nikaitikia. Tulidhani mtu ametuokoa. Sasa kila nikimwita mwanangu, namwita yule. Ndiyo maana hapa nyumbani siku hizi ni Bwana Mdogo tu. Na daktari, humu daftarini, nitamwita Somo. Cheo chake hicho tulimpa wenyewe.

Ijumaa, 24 Januari

Tumekwenda kwa wakili. Binti mwembamba, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro, mlio wa viatu vyake unafika kabla yake. Alitueleza polepole kama anayelisha mtoto uji. Tunaweza kulalamika kwenye baraza la madaktari, ambao humwadhibu mwenzao lakini fidia hawatoi. Fidia iko mahakamani, na bila hiyo upasuaji wa mkono tutausikia kwa watu tu. Ila huko lazima aje mtu anayejua kazi ile aseme mbele ya watu kwamba mtoto alivutwa vibaya. Au tupatane na hospitali kimyakimya. Na tusilaze damu, maana sheria nayo ina muda wake. Ukichelewa mlango unafungwa, hata kama una haki mpaka utosini.

Mume wangu akauliza kama hakuna njia ambayo haimuudhi mtu yeyote. Wakili akamtazama kwa huruma. Akasema ipo, ni ya kukaa nyumbani.

Tutaanza na baraza. Wakili anasema uamuzi wao, ukiwa mzuri, tutaubeba twende nao mahakamani. Nikamwuliza: madaktari kumhukumu daktari, hiyo si kesi ya nyani kumpelekea ngedere? Akasema ndiyo, lakini wapo ngedere wasiompenda nyani.

Jumanne, 11 Februari

Mama mkwe amejua. Alikuja na kanga mbili na uso mmoja, ule wa msibani. Funika kombe mwanaharamu apite, akasema. Mtu umempa jina la mwanao, kisha umburute barazani! Watu watasema nini? Nikamwambia watasema mkono wa mtoto haunyanyuki. Akasema wako watu wenye mikono miwili mizima na hawana la maana wanalofanya nayo. Aliyasema hayo macho yakiwa kwa mwanawe, masikini, wala hakukusudia. Mume wangu akaenda kuangalia kama bomba linavuja. Bomba letu halijawahi kuvuja.

Lakini kabla mama mkwe hajaondoka nilimkuta chumbani. Amempakata Bwana Mdogo, anamsugua kiganja cha kushoto, kidole kimoja kimoja, na kuuamrisha mkono: shika, baba, shika. Mkono haukushika. Bibi mtu akavaa viatu, akaenda zake bila kuaga.

Jumapili, 16 Machi

Kuna jambo sijaliandika. Sare za hospitali ile nazishona mimi. Za wauguzi, za wakunga, hata koti la Somo nililipunguza mikono mwaka juzi kwa sababu ilikuwa inamfunika vidole. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi na nguo yenyewe nimeishona.

Ijumaa wakili wetu amepeleka malalamiko. Jana hospitali imeniletea oda mpya ya sare, na salamu juu: wanafurahia kazi yangu. Inaelekea ofisi ya sare na ofisi ya wanasheria hazisalimiani. Mume wangu akauliza, utashona? Nikamwambia uji wa mtoto haujui kesi. Nimeanza na kola.

Jumatano, 7 Mei

Majibu ya hospitali yamekuja. Lugha ya heshima mpaka unataka kumshukuru aliyeiandika. Wanasikitika. Faili inasema uzazi ulikuwa wa kawaida. Mkono wa mtoto huenda ulikuwa hivyo tangu tumboni. Huko tumboni sijui nani alikuwa anamvuta. Halafu aya ya mwisho: familia iliridhika na huduma kiasi cha kumpa mtoto jina la daktari.

Wameiandika! Wakili alicheka. Akaniomba radhi, kisha akacheka tena. Akasema kwenye kazi yake ameona ushahidi wa kila namna, lakini hajawahi kuona mteja akiuzaa ushahidi wa adui na kuunyonyesha.

Wametuwekea na ukarimu. Mazoezi ya mkono bure mpaka mtoto atembee, ilimradi tutie saini kwamba hakuna aliyekosea, na kwamba jambo hili hatutalitamka tena mahali popote. Mume wangu ameiweka karatasi chini ya redio. Anasema tufikirie. Anasema haya ni mazoezi, si matusi. Nikamwambia ni matusi yenye mazoezi. Tumekula, na chumvi haikuwemo, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Jumapili, 11 Mei

Karatasi bado iko chini ya redio. Tunasikiliza taarifa ya habari juu yake. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akikanyagwa mguu anaomba msamaha kwa kuuweka pale. Nilimpendea hilo. Nalikumbuka hilo kila nikitaka kumrushia mkasi.

Alhamisi, 12 Juni

Dada wa mazoezi ya viungo, tunayemlipa wenyewe, amesema tuufunge mkono wa kulia, kidogo kila siku, ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Nimeshona kifuko cha pamba laini, kamba yake hailegei wala haibani. Kazi nzuri. Nimejisifu kabisa.

Nikamfunga. Nikamwekea kijiko mbele, kile anachopenda kugongea sahani. Akakitazama kijiko. Akautazama mkono uliofungwa. Akanitazama mimi. Hakulia. Alinitazama tu, kama ananiuliza, hata wewe? Bega la kushoto likapanda kidogo, vidole vikabaki palepale vinaning'inia. Akajaribu tena. Kijiko kilikuwa karibu kiasi cha mtu kukipulizia pumzi.

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sauti, na siku ya kumzaa sikuumia hivi. Mume wangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, sijui tangu lini. Aliweka ndoo chini, akaenda kwenye redio, akachomoa ile karatasi, akatoka nayo uani. Leo jiko limewaka mapema kuliko kawaida.

Jumamosi, 5 Julai

Wakili amepata majina ya mashahidi. Mkunga yumo — upande wao! Yule yule aliyesema tusivute. Nilikaa chini. Bila yeye tuna nini? Tuna mimi, mama mwenye uchungu, na faili inayosema nilijifungua raha mustarehe.

Wakili anasema nisikate tamaa, naye atapata nafasi ya kumwuliza maswali. Ila nisimsemeshe habari za kesi hata kidogo, watasema nimemfundisha. Hata salamu? Akasema salamu fupi.

Salamu fupi! Mwanamke huyu ni mteja wangu. Kiuno chake nakijua kuliko mumewe. Najua pia kwamba ana watoto watatu shuleni na kwamba kazi yake iko mkononi mwa watu wale wale. Ningekuwa mimi, ningesema nini? Sitaki kujijibu.

Jumanne, 22 Julai

Mkunga amekuja dukani. Mwili mkubwa, sauti ndogo, chini ya kwapa kitambaa cha buluu iliyokoza. Nikatoa salamu fupi. Fupi kweli, mpaka akageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine aliyeniudhi.

Nikamwuliza, sare? Akasema hapana, gauni. La kawaida tu. Anataka akisimama mahali asionekane ametumwa na mtu.

Nikajaza pini mdomoni, zote zilizokuwa kwenye kopo, ili nisipate nafasi ya kujibu. Nikampima. Kifua, kiuno, mgongo. Bwana Mdogo alikuwa kwenye mkeka anajaribu kutambaa, na kwa kuwa anajivuta na mkono mmoja, anazunguka palepale tu, halafu anashangaa mbona hafiki. Mkunga akamtazama kwa muda. Akauliza, ndiye? Nikaitikia kwa kichwa. Akachutama kwa taabu, magoti yakalia, akamtia kidole chake kwenye kiganja cha kushoto. Akangoja. Alingoja kama watu wa kazi yake wanavyongoja, bila haraka wala maneno.

Aliposimama alikuwa anajifuta uso na kitambaa cha gauni ambalo halijashonwa. Akasema analitaka kabla ya Jumatatu. Na mikono isimbane. Atatakiwa kunyanyua mkono.

Baraza linakaa Jumatatu. Wakili wangu, nimekutii. Sikusema neno. Nimemeza mate tu, na nusura nimeze pini.

Jumapili, 27 Julai

Gauni amelichukua. Nimelitia kwenye ule mfuko wa maua mekundu, ambao nawatilia wateja ninaowapenda, na nilimpa bila kumwangalia usoni. Hakulijaribu. Akasema kesho gari la hospitali litawapitia wote majumbani, na wameagizwa waje na sare. Akasema hivyo tu, akaondoka.

Sasa gauni la nini? Waje na sare, basi watakuja na sare. Mtu akishakaa ndani ya gari la bosi wake, atashuka na maneno ya nani? Nimempigia mume wangu shati pasi mara mbili. Shati lenyewe halina kosa.

Jumatatu, 28 Julai

Naandika kwenye benchi, koridoni, daftari gotini. Ukuta una rangi ya maziwa yaliyochacha. Mume wangu amefunga tai inayomkaba na hajaomba msamaha kwa mtu yeyote tangu asubuhi. Mama mkwe amekuja bila kualikwa, kakaa katikati yetu, Bwana Mdogo mapajani.

Somo amepita. Suti, manukato, tabasamu. Akamfinya mtoto shavu. Hujambo, somo yangu? Bwana Mdogo, asiye na kinyongo na mtu, akanyoosha mkono wa kulia akamshika tai. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akaunyanyua ule wa kushoto, akauachia, ukaanguka. Akasema, huo hajambo, mwulize na huu. Somo akatazama saa yake. Nilitaka kumbusu mama mkwe. Nitambusu baadaye, akiwa hana hasira.

Kisha gari la hospitali. Wameshuka wanapanda ngazi, sare tupu, na kila mshono ni wangu. Kola zimekaa vizuri. Mkunga wa mwisho, naye na sare. Kanipita. Salamu hata ile fupi hakutoa. Nimemlaumu, kisha nimewakumbuka watoto wake watatu, kisha nimemlaumu tena.

Halafu nimeuona mfuko. Maua mekundu, chini ya kwapa. Amemwuliza karani choo kiko wapi. Kiko mwisho wa korido. Ameingia.

Karani amefungua mlango na kuita jina la mtoto. Somo ndiye aliyesimama kwanza. Akakumbuka, akakaa. Wakili wetu anakusanya mafaili yake. Mwanasheria wa hospitali anahesabu watu wake kwa kidole na hesabu haitimii. Anauliza, mkunga yuko wapi? Wenye sare wanatazamana. Mimi najua, lakini nimekatazwa kuongea habari za shahidi.

Karani ameita mara ya pili. Mama mkwe ameshaingia na mtoto. Mume wangu ananivuta kiwiko, twende, watafunga mlango. Namwambia ngoja. Maji yamefungwa huko chooni. Kitasa kinazunguka. Naona buluu.