Safu ya Mwisho ya Jedwali

Chamazi, Jumamosi, 8 Februari 2025

Bupe mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dodoma, na kwamba kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Krismasi kimekuacha. Sisi hatujambo. Baba yako analigombeza goti lake, nalo halimsikii.

Ulisema nikuandikie kwa barua pepe ili vidole vizoee, basi nazoea. Mkuu wa shule anataka alama ziwekwe kwenye jedwali la mtandaoni, wazazi wazione kupitia grupu lao la WhatsApp. Nimeteuliwa kuanza na Kidato cha Pili B, wanafunzi arobaini na saba. Sijui kama nimeaminiwa, au ni kwa kuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu na siwezi kugoma. Kishikwambi nilichopewa shuleni nimekitoa kabatini.

Unajua kwamba sisomi alama za mtoto mbele ya wenzake. Huwa narudisha madaftari yakiwa yamefungwa, alama ikiwa ndani. Mkuu anasema mzazi ana haki ya kujua, na huenda ni kweli. Niambie tu: nikishaandika, natumaje?

Mama yako

Dodoma, Jumapili, 9 Februari 2025

Shikamoo mama,

Kikohozi kimeisha, vumbi la huku ndilo limebaki. Baba apewe pole, ila aache kupanda ngazi kama kijana.

Eti kugoma! Mama, ni kazi ndogo. Hamishia kwenye jedwali kila kilichomo kwenye daftari lako la alama. Bonyeza "Shiriki", chagua "Yeyote mwenye linki", nakili linki, itupie kwenye grupu. Basi. Mie nawahi kanisani, ukikwama nibipu.

Mwanao, Bupe

Chamazi, Jumamosi, 1 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Afya zetu ni njema. Roho yangu siyo.

Nilifanya kama ulivyoelekeza. Daftari langu lina safu ya mwisho, ile ninayoifunika kwa karatasi ya kaki, ambamo naandika mambo ya kila mwanafunzi ili nisimkosee darasani. Nilihamisha kila safu, kwa sababu sikuzoea kuacha kazi nusu. Jumatatu saa nne asubuhi nikatuma linki. Karatasi ya kaki haikwenda nayo.

Mbele ya jina la Shamimu niliandika: "Hajui kusoma vizuri. Anakariri kwa kusikiliza. Asisomeshwe kwa sauti." Aliniambia mwenyewe mwaka jana, tukiwa wawili, nami nikaahidi kwamba siri hiyo itabaki kwangu.

Niliifuta linki baada ya dakika arobaini, lakini wazazi walikuwa wameshapiga picha za skrini. Mmoja aliuliza kwenye grupu, "Mwalimu, huyu alifaulu vipi darasa la saba?" Kesho yake wasichana wawili walimpelekea Shamimu pakiti ya biskuti. "Hebu tusomee hapa, dada." Aliifungua, akala biskuti moja, akachukua begi lake akaondoka. Ijumaa niliita mahudhurio: arobaini na sita. Akizidi kutoonekana, jina lake litafutwa kwenye rejista.

Mkuu anashauri niwaandikie wazazi kwamba ni hitilafu ya mtandao.

Mama yako

Dodoma, Jumapili, 2 Machi 2025

Shikamoo mama,

Sina cha kusalimia. Kosa ni langu. Mie ndiye niliyesema "kila kilichomo", wala sikuuliza kilichomo ni nini. Nipe namba ya wazazi wake niwapigie niwaeleze. Usilale na jambo hili peke yako.

Mwanao, Bupe

Chamazi, Jumamosi, 29 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Simu zako niliziona. Baba yako hajambo, na anakusalimu.

Usiniandikie tena kwamba kosa ni lako. Ulinifundisha kufungua mlango. Kilichokuwa ndani nilikijua mimi. Wazazi niliwaandikia kwamba ni mimi, si mtandao. Mkuu hakufurahi. Hadi leo sijui kama niliandika kwa ajili ya yule binti au kwa ajili ya usingizi wangu.

Leo nimekwenda kwao. Baba yake, Mzee Mbwana, ni mchonga vinyago. Alikuwa amefunga, midomo imekauka, patasi mkononi. Nilipojitambulisha akaniuliza, "Ni wewe uliyetutangaza, au ni ile mashine?"

"Ni mimi."

"Afadhali. Mashine ningeigombezaje?" Akanivutia kigoda.

Shamimu alikuwa uani akisaga mchele wa vitumbua vya futari. Aliniamkia bila kunyanyua macho. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitamfundisha kusoma nyumbani kwangu, kila siku baada ya vipindi, kuanzia herufi ya kwanza.

"Mwalimu, na hilo utaliandika wapi?"

"Sitaliandika popote."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

Niliaga, nikarudi nyumbani. Daftari la alama nililichukua, nikaichana ile safu ya mwisho ukurasa kwa ukurasa, nikaichoma jikoni. Pengine ni utoto. Sasa itabidi niwakumbuke wote kwa kichwa.

Shule imefungwa kwa likizo fupi.

Mama yako

Dodoma, Jumapili, 13 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Huku kwema, nakuja Pasaka panapo majaliwa. Kesho mnafungua. Sina raha mpaka nijue: Shamimu amerudi? Na anakuja nyumbani kusoma? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao, Bupe

Chamazi, Jumatatu, 14 Aprili 2025

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Ukija Pasaka leta zabibu za huko, baba yako ameziulizia mara mbili.

Kuhusu uliloniuliza, siandiki tena habari za mwanafunzi huku mtandaoni, hata kwako. Nikuambie langu tu: tangu leo nachelewa kurudi jikoni jioni, na baba yako anajipikia chai.

Mahudhurio ya Kidato cha Pili B asubuhi hii: arobaini na saba.

Mama yako