Ndoo Isiyopungua

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma haraka.

Si unajua joto hili lilikuwa linawamaliza samaki wa mume wangu? Leo nikajifanya fundi. Nimeweka ndoo ndani ya friji: mpira mmoja wa pampu unaleta maji ya tangi lao yapoe, mwingine unayarudisha kwa samaki. Kosa langu ni ndoo. Nimetumia ile yetu ya maji ya kunywa, yenye koki.

Mama mkwe kaja bila taarifa. Natoka kuoga, namkuta mbele ya friji anakinga glasi. Glasi ya PILI!

"Mwanangu, maji yako matamu. Ya kisima?"

Nikasema ndiyo. Shoga, nimesema NDIYO! Maji wanamojisaidia samaki!

Sasa anajaza chupa zake za safari. Eti nyumba hii ina baraka, anakinga na ndoo haipungui.

Nimejifungia chooni. Nimwambie? Nitaanzia wapi?

Ngoja, ananiita. Yuko sebuleni, kwenye tangi la samaki.

"Mwanangu, njoo uone! Samaki wenu wana kiu kunishinda, maji yamebaki nusu!"